Simamisha Picha Kwenye Bati: Namna ya Kupima Rangi na Mwanga wa Video za Droni, Mpanda na Katavi

Ukioneshwa video ya droni iliyopigwa juu ya Mpanda, usianze kwa kuuliza ni droni gani. Iache iende mpaka yatokee mapaa, kisha isimamishe hapo utazame mabati.

Bati jipya lenye jua la mchana ndicho kitu kikali kuliko vyote vinavyoonekana kutoka juu hapa mjini, na ndilo linalomfichua mpiga video. Likipigwa vizuri, ukali wake huwa mahali pamoja tu, pale jua linaporudi moja kwa moja kwenye lenzi. Kwingine kote utahesabu migongo yake, utaona kofia ya paa ilipokaa na kutu ilipoanzia kwenye misumari. Likipigwa vibaya linabaki karatasi nyeupe iliyobandikwa juu ya nyumba. Wapiga picha wetu wanasema picha imeungua, na neno hilo linatosha. Kilichoungua hakirudi. Hata uwe na programu ya kuhariri ya bei gani, ukivuta mwanga wa bati lililoungua utapata kijivu kisicho na mgongo wala msumari.

Usimlaumu mtu kwa ile nukta moja inayometameta. Hakuna kamera inayorushwa na droni itakayoishika, na anayeshusha mwanga mpaka nukta hiyo ishikike atafanya mtaa mzima uonekane umeingiliwa na magharibi saa nane mchana. Kinachopimwa ni mpaka. Ukali ukibaki nukta, kazi ni nzuri. Ukitambaa ukala nusu ya paa, halafu ukala na ukingo wake hadi usijue nyumba inaishia wapi na anga inaanzia wapi, kazi imeharibikia angani kabla droni haijatua.

Mtego ulio mgumu zaidi ni wa mabati ya rangi, yale ya msauzi mekundu yanayozidi kuezekwa. Histogramu ya droni nyingi inapima jumla ya mwanga, wala haikwambii kila rangi peke yake imefikia wapi. Paa jekundu lenye jua linaweza kuwa limeshajaza wekundu wote kamera inaoweza kuupokea wakati histogramu bado inakuonesha una nafasi, na hata ile milia ya tahadhari wanayoiita pundamilia haijatokea. Matokeo yake ni paa linaloonekana limepakwa rangi ya mdomo: wekundu mmoja mtupu, bila mgongo, bila kivuli cha mgongo. Ukiona hivyo, ujue mpigaji aliziamini alama za kioo kuliko macho yake. Dawa ni kushusha theluthi mbili za stopu mtaa unapokuwa na mapaa mekundu mengi, hata kama kioo kinasema hakuna haja.

Nimetaja stopu, basi niieleze. Stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu. Upana wa mwanga wa kamera ni idadi ya stopu inazoweza kuzishika kwa mara moja, kuanzia giza la chini kabisa ambalo bado lina umbo hadi weupe wa mwisho ambao haujaungua. Watengenezaji wa Mavic 3, iliyotoka mwaka 2021, wanaitangazia stopu 12.8. Droni ndogo zina pungufu ya hapo. Mchana wa Mpanda baada ya mvua, wenye mawingu meupe juu, mabati katikati na kivuli cha mwembe chini, unaweza kuumaliza upana huo wote na bado ukadai. Hapo ndipo swali la mipangilio linapoanza kuwa na maana.

Kwenye menyu ya droni nyingi za sasa utakuta majina matatu: Kawaida, HLG, na D-Log au mdogo wake D-Log M. Kawaida inakupa picha iliyokwisha kuiva: kamera imeamua weusi uwe wapi, weupe uwe wapi, rangi zikolee kiasi gani, na imeyatupa mengine. Imepimwa kwa kipimo cha rangi cha televisheni ya HD kinachoitwa Rec. 709, ambacho kipo tangu mwaka 1990. HLG ilibuniwa na BBC ya Uingereza pamoja na NHK ya Japani ili picha moja iweze kuonekana kwenye televisheni za zamani na kwenye zile mpya zenye mwanga mpana. Mwaka 2016 ikaingizwa kwenye kanuni za kimataifa za utangazaji. Logi, yaani D-Log na mdogo wake, inachukua stopu zote kilizoziona kihisi na kuzibana ndani ya faili, na unayoiona kwenye kioo ni picha iliyofifia, ya kijivu, isiyotamanika.

Logi ni mkopo. Unapewa stopu za ziada leo na utazilipa mezani, kwa saa za kuhariri na kwa kompyuta inayoweza kufungua faili hiyo bila kukwama. Wapo waliokopa wakashindwa kulipa, na kazi zao utazitambua mara moja: video ya harusi au ya mkutano wa kijiji ambayo yote ina rangi ya maji ya kuoshea mchele, weusi wake wa kijivu, anga yake ya kijivu, na juu yake muziki wa kusisimua. Mwenyewe atakwambia ndiyo staili ya sinema. Ni faili ambayo haijamalizwa.

Kabla ya kuchagua logi, uliza biti. Faili ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. Ya biti 10 ina ngazi 1,024. Mavic Pro ya mwaka 2016 ilikuwa na D-Log, lakini ya biti 8, na droni za umri huo bado zinauzwa mkononi. Gawanya ngazi 256 kwa stopu 12 uone kila stopu imepata ngapi: ishirini na moja hivi. Ukianza kuvuta rangi na ngazi ishirini na moja, anga ya jioni inagawanyika kuwa mistari kama kingo za bakuli zilizopangwa. Kuanzia Mavic 2 Pro ya mwaka 2018 ndipo droni za kubebeka zilipopata logi ya biti 10, na leo hata Mini 4 Pro ya mwaka 2023 inayo. Hukumu yangu ni kavu: logi ya biti 8 iache. Na usimdharau mwenye Mini 2 ya mwaka 2020, ambayo haina chaguo lolote zaidi ya Kawaida. Nimeona mapaa yenye migongo yote kutoka kwenye Mini 2, na mapaa yaliyoungua kutoka kwenye droni yenye kila kitu.

Sasa tuje kwenye hewa ya kwetu, maana mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya milima ya Uswisi hautakufaa hapa.

Kuanzia karibu Juni hadi Septemba Katavi ina moshi. Miombo inachomwa, mashamba yanaandaliwa, vumbi la barabara linaungana na moshi, na kufikia Agosti unaporuka juu ya barabara ya Sitalike huoni upeo wa macho. Unaona mti, mti, mti, halafu weupe wa maziwa. Wengi hudhani hapo ndipo logi inapohitajika, kwa kuwa picha ni ngumu. Ni kinyume chake. Moshi unainua weusi na kushusha weupe. Mandhari ambayo Januari ilikuwa na stopu kumi na moja, Agosti huenda isifike tano. Upana wa kamera unakuwa mkubwa kuliko upana wa kilicho mbele yake. Ukipiga logi, stopu zile nne au tano zinabanwa katikati ya faili na ngazi nyingine zote zinakaa bure. Kwa biti 10 umebaki na ngazi kama mia tatu na arobaini za kuvutia picha nzima. Kwa biti 8 ni themanini na tano tu. Ukizivuta ili picha ipate uhai, chenga zinavutika nazo. Anga ya moshi, ambayo kwa asili ni laini kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, inaanza kuchemka chenga.

Kwa hiyo wakati wa moshi chagua Kawaida, na kama droni yako inaruhusu, punguza ukali wa kingo kwa alama moja, kwa sababu kamera inayojaribu kunoa moshi inanoa chenga. Pandisha mwanga hadi weupe wa anga ukaribie mwisho bila kuugusa. Usiwashe zana ya kuondoa ukungu kwenye programu ukaisukuma mpaka mwisho; itakurudishia anga ya buluu ya uongo na miti yenye utando mweusi kuzunguka majani. Mpimaji mzoefu ataangalia pale mti wa mwisho unaoonekana unapoyeyukia kwenye weupe. Kuyeyuka huko kukiwa kwa polepole, bila mistari na bila utando, mbele yako ni kazi ya mtu anayeujua mwezi wa nane wa huku.

Masika ni habari nyingine kabisa. Mvua za Novemba zikishafua hewa, unaona mbali hadi unashangaa. Mawingu yanasimama kama majengo, jua linapita katikati yao na kupiga kipande kimoja cha mbuga huku kingine kikiwa giza. Huu ndio msimu wa logi ya biti 10, na hapa ndipo anayeijua anapojitenga na anayeitaja. Tazama tumbo la wingu: lina kijivu, lina zambarau, lina nyuzi za mvua zinazoshuka. Halafu shusha macho kwenye kivuli chini ya miti: je, kuna nyasi mle, au ni wino? Mpigaji mzuri anakupa vyote viwili. Akilazimika kuchagua, anakupa wingu na kuliacha giza liwe giza, kwa kuwa mtazamaji anasamehe kivuli cheusi haraka kuliko wingu lililoungua. Kwenye kihisi kidogo, hata hivyo, logi iliyopigwa kwa mwanga mdogo mno huleta chenga za kijani na zambarau vivulini. Ndiyo maana wenye mikono hupandisha logi theluthi moja hadi mbili za stopu juu ya pale mita inaposema sifuri, wakilinda mawingu kwa pundamilia. Kwenye Kawaida wanafanya kinyume: wanashusha kidogo.

Kuhusu saa: wapiga video wanaotoka Dar es Salaam hufika Mpanda na ratiba ya pwani. Tuko magharibi mno kwa saa tunayoitumia. Jua linafika utosini karibu saa saba mchana, nusu saa na ushei baada ya Dar, na linazama karibu na saa moja usiku, kutangulia au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi. Mtu aliyepanga kupiga mwanga wa dhahabu saa kumi na moja jioni anapiga jua ambalo bado ni jeupe. Tena mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa. Kwa siku hizo nyumba hazina kivuli cha kusimulia umbo lao, na hakuna mpangilio wa rangi utakaokitengeneza. Rusha saa mbili asubuhi au subiri saa kumi na mbili jioni.

Rangi sasa. Udongo wa mitaa ya Mpanda ambayo haina lami na wa barabara za changarawe ni mwekundu wenye kahawia ndani yake. Si chungwa. Narudia kwa sababu video nyingi za mkoa huu zina barabara za rangi ya Fanta. Hilo husababishwa na mambo mawili. La kwanza ni mizania ya weupe iliyoachwa ijiamulie: kamera ikiona kijani kingi inaongeza wekundu ili kusawazisha, na udongo unaulipia. La pili ni LUT, yale majedwali ya rangi yanayopakuliwa mtandaoni na kubandikwa juu ya logi kwa kubofya mara moja. LUT ya mtengenezaji inayoitoa D-Log M kwenda Rec. 709 ni chombo halali na mahali pazuri pa kuanzia. Yale mengine, yenye majina ya sinema, yalitengenezwa kusukuma ngozi za watu kuelekea chungwa na vivuli kuelekea samawati. Yabandike juu ya misitu ya Inyonga uone: majani yanakuwa ya baharini na njia ya wafugaji wa nyuki inawaka moto. Ni maono yangu tu, lakini sioni sababu ya kuvika miombo ya Mlele koti la Los Angeles.

Kipimo kizuri cha kijani ni miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanguka, mitundu na jamaa zake wanapotoa majani mapya. Majani hayo hayaji kijani. Yanatoka na wekundu wa shaba, mengine ya waridi, mengine ya rangi ya mvinyo, na kwa wiki chache mlima mmoja unakuwa na rangi nyingi kuliko kitenge. Video inayoweza kutenganisha shaba ya jani na wekundu wa udongo ulio chini yake ina rangi zenye afya. Video ambayo vyote vimekuwa kitu kimoja, ama imekolezwa kupita kiasi, ama imepitishwa kwenye LUT isiyoijua tofauti hiyo. Milima ya Ntakata katika Wilaya ya Tanganyika, ambako vijiji vinapata fedha za hewa ukaa kwa kulinda misitu, inapigwa sana video za kutangaza kazi hiyo. Humo ndimo ningependa uanze kujifunza kutazama: je, msitu una miti ya aina mbalimbali, au ni zulia moja la kijani cha chupa? Msitu unaolindwa haupaswi kuonekana kama nyasi za bandia.

Funga mizania ya weupe kwenye namba. Mchana wa jua, 5,500 au 5,600 kwa kipimo cha Kelvini inatosha. Jioni iache hapohapo ili dhahabu ibaki dhahabu. Ukiishusha ama kuiachia droni iamue, machweo yatasafishwa hadi yafanane na saa nne asubuhi, na utabaki unayarudishia rangi kwa mkono.

Mahali pa kuona madhara ya kuachia mashine ijiendeshe ni Karema. Droni inaondoka juu ya majengo ya misheni, mahali ambapo Wabelgiji walifungua kituo mwaka 1879 na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers, inapita juu ya miti, inafika ufukweni, halafu mbele yake hakuna kitu ila Ziwa Tanganyika. Kwenye mpangilio wa otomatiki picha hiyo inapumua. Ziwa likiingia kwenye fremu, kamera inashusha mwanga na mapaa yanazama gizani. Maji yakijaa, inaupandisha tena na anga inapauka. Katikati ya hayo rangi inateleza kutoka manjano kwenda buluu kama mtu anayebadilisha mawazo. Ukiona video inapumua, huna haja ya kutazama zaidi. Mpigaji hodari alichagua mwanga wa mahali penye ukali zaidi kwenye safari nzima, maana yake maji, akaufunga, akakubali misheni ianze ikiwa na giza kidogo, akijua kwamba biti 10 zitamsaidia kuiinua baadaye.

Jioni, ufukwe huohuo unatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama ng'ambo, upande wa Congo, nawe unapiga ukiwa umelikabili. Bandari, boti za wavuvi na watu wote wanakuwa vivuli vyeusi mbele ya maji yanayowaka. Hapa HLG inajaribu kukushawishi, na kwenye kioo cha simu ya bei kubwa inapendeza kwa kweli. Lakini faili hiyo ikitumwa kwenye simu ya kawaida, au ikipita WhatsApp, mara nyingi inafika imefifia kwa sababu kifaa kinachoipokea hakijui kuisoma ipasavyo. HLG ninaikubali kwa kazi moja: pale unapojua kwa hakika kwamba itatazamwa kwenye televisheni au simu yenye HDR, yaani ile ya mwanga mpana. Kwa harusi, kwa kampeni, kwa taarifa ya halmashauri, achana nayo.

Harusi hasa. Msafara unatoka kanisani, tarumbeta zinang'aa kwenye gari la mbele, bibi harusi na shela nyeupe juu ya udongo mwekundu, saa tisa alasiri. Bwana harusi anataka video kesho, na kipande kifupi cha kuweka stetasi leo usiku. Hiyo ni kazi ya Kawaida, mwanga ushushwe theluthi mbili, shela ndiyo iwe bati lako: lazima mikunjo yake ionekane. Sura za watu kutoka mita thelathini ni vidoa. Ukitaka ngozi ipimwe, shuka, na uhakikishe jua liko upande unaosaidia. Kupiga kazi hii kwa D-Log M ni kujitafutia usiku mrefu. Faili za Mini 4 Pro zinaweza kufika megabiti 150 kwa sekunde, yaani gigabaiti moja na zaidi kila dakika. Dakika ishirini za kuruka ni gigabaiti 22 hivi, nazo ni za H.265 ya biti 10, ambayo laptopu nyingi za maduka yetu ya uhariri huicheza kwa kukatakata kama redio yenye betri iliyokwisha. Anayejua hilo hutengeneza kwanza nakala nyepesi za kuhariria, kisha hurudi kwenye faili halisi mwishoni. Asiyejua hulaumu umeme.

Filta za ND nitazipitia haraka. Kazi yake ni kupunguza mwanga ili shata ibaki karibu 1/50 kwa picha 25 kwa sekunde, mwendo uwe laini. Droni yenye lenzi ya f/1.7 isiyobadilika, kwenye jua kali na ISO 100, inaomba shata ya karibu 1/9,000. Kuirudisha 1/50 kunahitaji ND128 au hata ND256. Yenye f/2.8 inatosheka na ND64. Juu ya mbuga pana, ukiwa juu sana na ukienda polepole, hakuna atakayegundua kwamba hukuweka filta. Chini, kando ya miti inayokimbia au juu ya reli ya Kaliua, atagundua: miti itakatika vipandevipande. Nunua filta nzuri, kwa sababu za bei chee zinaleta rangi zake zenyewe, mara nyingi zambarau au kijani, na mizania uliyoifunga kwa uangalifu inakuwa kazi bure.

Nimeacha Hifadhi ya Taifa ya Katavi mpaka sasa kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote, na kwa sababu wengi hawana ruhusa ya kurusha humo. Droni nchini inasajiliwa na kuombewa kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi unahitaji pia idhini ya TANAPA. Video ya hifadhini isiyo na kibali nyuma yake mimi siipimi, hata iwe nzuri namna gani. Wanyama wanaokimbia chini ya droni si mapambo.

Aliye na kibali ana mtihani wa rangi ambao sijauona kwingine. Kiangazi kikikaza, Mto Katuma unakauka na kubaki mabwawa ya tope, na viboko wanajazana humo mamia, mgongo kwa mgongo. Mgongo wa kiboko mwenye tope, tope lenyewe, ukingo wa udongo mweusi wa mbuga: vyote ni kahawia na kijivu vinavyopishana kwa nusu stopu. Juu yake upo ule moshi wa Agosti. Mhariri mwenye papara anasukuma utofauti ili picha ipate nguvu, na viboko wanageuka mawe meusi. Mwingine anakoleza rangi, na tope linakuwa chokoleti. Anayejua anapiga Kawaida au logi iliyopandishwa vizuri, anaruka asubuhi mapema au jioni wakati jua la ubavuni linatenganisha mgongo mmoja na mwingine kwa kivuli chembamba, na mezani anagusa kidogo sana. Angalia sehemu zilizolowa: mgongo uliotoka majini punde una mng'ao wa waridi na kijivu, uliokauka una mipasuko ya tope. Kama unaweza kusema nani ametoka kuzama na nani amelala juani tangu asubuhi, upana wa mwanga umetumika sawasawa.

Na kama unataka kumkodi mtu, usiridhike na video iliyokamilika, ile yenye muziki na nembo yake. Mwombe faili mbili ambazo hazijaguswa, moja ya Agosti na moja ya Januari, za mahali pamoja. Mwenye uzoefu atakuwa amepiga ya Januari kwa mpangilio mmoja na ya Agosti kwa mwingine, naye atakueleza sababu kabla hujauliza. Akikupa zote mbili kwa logi ileile, mizania ileile na mwanga uleule, mpe pesa ya mafuta ya pikipiki na umtafute mwingine.